Neno Alilomwambia Mtani

Mjomba Erasmo alifia Mtama siku ya Alhamisi, na Tekla akaipata habari Dar es Salaam akiwa darasani, chaki mkononi. Aliwaambia wanafunzi wake wasome wenyewe ukurasa unaofuata, akatoka nje, akasimama kwenye varanda bila kulia. Machozi yalikuwepo, ila mwili ulikuwa umechoka kuyasukuma. Wiki nzima alikuwa amelala kwa kuibia, kwa sababu ya nyota.

Ijumaa alfajiri akapanda basi la kusini. Pale Somanga abiria waliposhuka kununua samaki wa kukaanga, yeye alibaki kitini akijibu barua pepe za watu wa Chile. Nangurukuru ikapita, Lindi wakaikwepa kwa pale njia panda ya Mnazi Mmoja, na jua lilipokuwa linapoa akashuka Mtama na begi lake la nguo na begi la kompyuta. Alikuwa na miaka arobaini na sita, lakini konda alimshika mkono kumshusha kama anavyomshusha bibi.

Hiyo nyota inabidi ielezwe kidogo, maana bila hiyo mambo ya msibani hayaeleweki.

Ni nyota changa. Uchanga wenyewe ni wa miaka milioni kadhaa, ila mbele ya jua letu hiyo bado inanyonya. Imezungukwa na sahani pana ya vumbi na gesi, na ndani ya sahani hiyo ndimo sayari zinamoumbika. Ile sehemu ya nje wameipiga picha watu wengi, na picha ni nzuri, zina mapete mapete kama gogo lililokatwa. Tekla hakuwa na shida na ya nje. Alichokitafuta miaka yote ni kule ndani kabisa, jirani na nyota, ambako joto ni kali hadi mawe yanageuka mvuke. Hapo vumbi linakoma, panabaki ukingo. Na nyuma kidogo ya ukingo huo, kama hesabu za watu haziongopi, ndipo inapofinyangwa dunia ya mawe kama hii tunayoikanyaga.

Tabu ni kwamba hakuna darubini moja inayoweza kupaona pale. Ni sawa na mtu asimame Mtama atake kupima upana wa sarafu iliyodondoka Khartoum. Kwa hiyo zinatumika darubini nne, zimesimama mbalimbali juu ya mlima katika jangwa la Chile, mwanga wa zote nne unakusanywa na kuchanganywa. Kinachotoka wala si picha. Ni mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama ngozi ya pundamilia, na mtu anakaa na hiyo mistari mwaka mzima akijiuliza ni umbo gani lililoitoa. Tekla alikuwa amekaa nayo miaka kumi na moja. Mjomba Erasmo kila akimwona likizo alimuuliza, "Hizo dunia zako zimeshaiva?" naye hujibu, "Bado mbichi, Mjomba."

Sasa wiki ile nyota ilianza kufifia. Bonge la vumbi lilikuwa limenyanyuka pale ukingoni na lilikuwa linakatiza mbele yake. Huwa halikai. Leo lipo, keshokutwa limekwenda, na likirudi haliji lile lile. Tekla na wenzake wawili wakaomba nafasi ya dharura, wakapewa sehemu ya usiku mmoja. Wenzake, mmoja angekuwa ndani ya ndege, mwingine alikuwa amejifungua juzi tu. Mradi ulikuwa unaisha mwaka huo huo na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuongeza. Usiku mmoja, basi. Na sehemu hiyo ya usiku wa Chile kwa saa za Mtama ni tangu alfajiri hadi jua linapokaribia utosini. Ilikuwa Jumamosi. Siku ya kumzika mjomba.

Tekla alipiga hesabu yake ndani ya basi akaona haina tatizo. Maziko alasiri, nyota asubuhi. Atajifungia mahali, atamaliza, atatoka kuzika. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa aliwasahau watani.

*

Kwa watu wa kule mfiwa hafanyi kazi. Hafagii, hapiki, hachoti maji, hachimbi. Amefiwa, akae. Kazi zote ni za watani, na ukoo wa Mjomba Erasmo watani wao ni kina Zakia, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Hawa wakifiwa, wale wanachimba kaburi. Wale wakifiwa, hawa wanatwanga. Na kama malipo ya jasho lao watani wanaruhusiwa kusema na kufanya wapendalo. Wanamwiga marehemu, wanawatukana wafiwa, wanaficha ufunguo wa kanisa. Nawe unarudisha tusi, au unacheka, au vyote viwili. Mfiwa akikutwa ameshika jembe au ufagio, mtani anampokonya, na lazima akikomboe kifaa chake kwa maneno.

Tekla alipoingia uani jioni ile, wa kwanza kumwona alikuwa Zakia mwenyewe. Rika moja, walianza darasa la kwanza pamoja. Zakia alikuwa amevaa kofia ya Mjomba Erasmo na koti lake, anachechemea mguu wa kushoto kama marehemu alivyokuwa akichechemea, huku anagombeza kuku.

"Nani kanywa chai yangu? Nauliza, nani kanywa chai yangu?" Sauti ilikuwa ya mjomba kabisa. Wanawake kwenye mikeka walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Halafu akamwona Tekla. "Aa, huyu hapa mpwa wangu wa mjini. Mtazameni alivyokauka. Mwanangu, Dar hamna chakula, au mnakula hizo nyota?"

Tekla alitabasamu tu. Alitakiwa aseme kitu. Akapita kwenda kwa mama yake.

"Ameacha ulimi kwenye basi," Zakia akawaambia wenzake, na mambo yakaendelea.

Hiyo ilikuwa dalili, ila hakuna aliyeiona.

*

Kabla hakujapambazuka Tekla alijitoa mkekani taratibu, akaruka miguu ya shangazi zake waliolala, akaingia stoo ya korosho nyuma ya nyumba. Alikuwa ameichagua tangu jioni, kwa kuwa pale dirishani ndipo simu inapopata mtandao wa maana. Akafunga mlango kwa ndani, akasukuma magunia mawili, moja kiti, moja meza. Akafungua kompyuta.

Kule mlimani kulikuwa na dada wa zamu anayeziendesha darubini. Hawajawahi kuonana. Waliandikiana kwa ujumbe mfupi mfupi, kwa adabu ya watu wanaokesha.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unaanza na nyota ya kipimo, yaani nyota ya kawaida, tulivu, isiyo na vumbi wala visa, ambayo upana wake unajulikana. Ukiipima hiyo unajua hewa ya juu ya darubini usiku ule ina tabia gani. Halafu unapima nyota yako. Halafu unarudi tena kwenye kipimo, kuhakikisha kwamba tabia ya hewa haijabadilika katikati. Ukikosa kipimo cha mwisho, mistari yote uliyovuna ni ya kubahatisha. Huwezi kumwambia mtu kwamba hili ni vumbi la nyota wala si upepo wa Chile.

Kipimo cha kwanza kikaenda vizuri. Nyota ikafuata. Hewa ikachafuka, wakasimama, wakangoja, ikatulia, wakarudia. Nje kukapambazuka, jua likapanda, michi ikaanza kugonga vinuni. Mbali kidogo, upande wa makaburi, zikasikika sepetu za kina Damiani, kaka yake Zakia. Watu walimwulizia Tekla, wakadhani yuko kwa jirani anaoga. Yeye macho yalikuwa yanamwuma kama yametiwa mchanga. Mistari ilikuwa inaingia, mizuri kuliko yote aliyowahi kuvuna, na furaha yake aliiona kwa mbali kama mtu aonavyo moshi wa kijiji kingine.

Dada wa zamu akaandika kuwa alfajiri yao inakaribia. Akauliza: turudi kwenye nyota ya kipimo sasa, au tuivune nyota yako mara moja zaidi kwanza?

Tekla aliuangalia ule ujumbe. Alikuwa hajajibu mlango ulipogongwa.

"Fungua," ilikuwa sauti ya Zakia. "Nani kajifungia na korosho za marehemu?"

Ndoano ya mlango ilikuwa ya waya. Zakia akaingiza kijiti, akaiinua, mlango ukafunguka. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili, unga hadi viwikoni.

"Jamani njooni muone," Zakia akasema. "Mfiwa anafanya kazi."

Kisha akafanya kile ambacho mtani yeyote angefanya. Akafunga kompyuta, tap, akaivuta kutoka juu ya gunia, akaikumbatia kama mtoto na kutoka nayo uani akiimba. Angekuwa ameshika jembe angepokonywa jembe.

Tekla akamfuata mbio. Uani jua lilimpiga usoni, watu wote wakageuka. Katika hali hiyo neno lolote lingefaa. Angesema mwizi wewe. Angesema rudisha, mkono wako unanuka shombo. Angemtaja mama yake, bibi yake, meno yake, na kompyuta ingerudi kabla hajamaliza. Lakini alikuwa hana usingizi wa wiki, amezoea kusema na wakuu wa idara, na neno lililotoka lilitoka kwa sauti ya ofisini, ya chini, baridi kabisa.

"Zakia, naomba tuheshimiane."

Michi ikanyamaza.

Unaweza ukamwambia hivyo mpangaji mwenzako, au konda wa basi. Mtani humwambii. Mtani ukimwomba heshima umemwambia kwamba kuanzia leo mimi na wewe ni watu baki. Zakia alisimama pale katikati ya uwanja, kicheko kikamtoka usoni polepole. Akavua kofia ya marehemu, akaikung'uta, akaitundika kwenye msumari wa mlango. Akavua na koti.

"Sawa," alisema. "Tuheshimiane."

Akawafanyia ishara wenzake. Wanawake wa kwao wakaacha michi ndani ya vinu, wakanawa mikono, wakaenda kukaa mkeka wa mbali, magoti pamoja, kama wageni. Mtu akatumwa makaburini. Haikupita muda zile sepetu nazo zikanyamaza, na Damiani na vijana wake wakarudi wakiwa na udongo hadi magotini, wakaegemeza zana ukutani na kukaa kimya. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni.

*

Mama yake Tekla, Bi Benadetha, alikuwa ndani pembeni ya jeneza la kaka yake. Aliposikia ukimya akajua kuna kitu. Msiba wenye watani haunyamazi. Akatoka akishika ukuta.

"Umemwambia nini mtani?"

"Nimemwambia tuheshimiane."

Bi Benadetha akakaa pale pale kizingitini. Akashika kichwa.

"Afadhali ungemtukana mama yake."

"Nimechoka, Mama."

"Nani hajachoka? Mimi nimemuuguza Erasmo tangu mvua za kwanza. Umenisikia namwambia mtu tuheshimiane?"

"Ilinitoka."

"Basi na sasa kaburi halichimbwi. Katekista anakuja alasiri, atamzika wapi, kwenye nusu shimo? Ndugu zako hawawezi kushika jembe, wewe unajua." Alimwangalia binti yake, akaona ngozi chini ya macho ilivyokuwa nyeusi, sauti ikashuka. "Nenda kamtukane."

"Sina tusi."

"Mtu na shule yote hiyo hana tusi."

"Kichwani hamna kitu, Mama. Ni kama mtungi."

"Nenda na huo mtungi."

Tekla akavuka uwanja. Kule mlimani, alijua, dada wa zamu alikuwa anaandika ujumbe mwingine na mwingine. Kompyuta aliiona, imewekwa juu ya mkeka mbele ya Zakia, imefunikwa kanga safi, kwa heshima zote. Akakaa chini kwenye mavumbi, nje ya mkeka.

Zakia akainua macho. "Shikamoo, mheshimiwa."

Tekla akahisi uso unamwaka. Ni wa rika moja. Wamecheza kombolela pamoja.

"Zakia, acha."

"Hatujibiwi salamu," Zakia akawaambia wenzake kwa unyenyekevu. "Pengine tumekosea tena. Karibu mkekani, mheshimiwa daktari. Utachafua sketi."

Damiani akaongeza, "Na kazi ya kaburi tumeisitisha kwanza, mheshimiwa. Hatukutaka makelele ya sepetu yakusumbue."

"Tunaomba radhi pia kwa mlango," akasema mama mwingine.

Ilikuwa kipigo hasa. Hakuna aliyecheka. Tekla akatazama mikono yake.

"Mtani," alisema, "nilikuwa nimechoka. Ile ilikuwa kazi ambayo ikinipita leo haitarudi. Sikufikiri."

"Ni kazi gani hiyo, kama tunaruhusiwa kuuliza?" Zakia alisema. "Maana tumeambiwa una nyota. Nyota mchana. Sisi wajinga tukashangaa."

"Kule zilipo darubini ni usiku. Kunakaribia kupambazuka."

"Ahaa. Na unaiangalia ili iweje?"

Basi Tekla akawaeleza. Hakuwa na nguvu ya kupamba. Akawaambia kuna nyota changa, ina sahani ya vumbi imeizunguka. Akauvuta ungo uliokuwa karibu, wenye mabaki ya unga, akatia kidole katikati na kufuta unga ukabaki mduara mtupu. "Nyota iko hapa katikati. Hapa karibu yake pana joto, vumbi haliwezi kukaa, linayeyuka. Hapa linapoanzia ndipo ninapopima. Huu ukingo."

"Huo tu."

"Huo tu."

"Miaka yote hiyo."

"Kumi na moja."

Zakia akauangalia ungo. Mdomo wake ulikuwa unacheza pembeni, anaubana. Ilikuwa dhahiri kwamba heshima inamwasha mwili kama upupu.

"Kwa hiyo, mheshimiwa, na nisahihishwe kama nimekosea," akasema, "serikali ilikusomesha uangalie vumbi. Na sisi hapa Mtama tuna vumbi la kutosha, magari ya korosho yakipita hatuonani. Hujawahi kuja kutupima."

Mama mmoja akakohoa. Damiani akageuza uso.

Hapo kitu kikafunguka kwenye ule mtungi. Pengine ni usingizi, pengine ni jinsi Zakia alivyokuwa anabana mdomo. Tekla alisema bila kuinua sauti, kwa uchovu ule ule.

"Hilo vumbi la kule lina akili kuliko wewe. Likikaribia moto linaondoka. Wewe ulikaa na yule bwana wako wa Kilwa Kivinje anakuunguza miaka tisa, na ulipofukuzwa ukaondoka na mbuzi kiwete, na mbuzi mwenyewe aliona aibu kutembea na wewe, akachechemea makusudi."

Tekla akadhani ameharibu kabisa.

Kisha Zakia akaanguka ubavu. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yanatetemeka, halafu sauti ikaja, akapiga mkeka kwa kiganja. "Makusudi," alisema. "Makusudi, jamani. Na ni kweli, alipofika nyumbani alipona." Wanawake wale walikuwa wanafutana machozi. Damiani alikuwa ameshainuka, anaokota sepetu yake.

"Twendeni," akawaambia vijana. "Huyu amerudi."

Zakia akajiinua, akamkamata Tekla kwa sikio kama walivyokuwa wakifanyiana utotoni, akamvutia mkekani. "Mwanaharamu wewe. Siku nyingine ukitaka heshima nenda mahakamani."

"Nisamehe."

"Usianze tena."

*

Kompyuta ilipofunguliwa jumbe zilikuwa nne, mtandao wa simu iliyobaki dirishani stoo ukifika hapo kwa shida. Ujumbe wa mwisho ulisema anga la mashariki linaanza kupauka, tuna nafasi ya kitu kimoja tu, kama hujibu naelekeza darubini kwa watu wengine. Tekla akanyoosha mkono kwenye vitufe. Zakia akaupiga ule mkono.

"Unafanya nini?"

"Zakia, dakika zinakwisha."

"Mfiwa hafanyi kazi. Mpaka mtu azikwe." Akaiburuta kompyuta mapajani kwake, akafuta vidole kwenye kanga, unga ukabaki kwenye kucha. "Sema, mimi niandike. Taja herufi mojamoja, hicho kizungu chenu sitaki kukijua."

Tekla alifungua mdomo kubisha, akaona ni njia ndefu. Akauangalia ujumbe. Kitu kimoja tu. Roho yake ilikuwa kwa nyota yake. Mara moja zaidi, pale ukingoni, wakati bonge lile bado linapita. Nafasi kama hii hataipata tena. Mistari ya asubuhi ilikuwa mizuri, na mwili wote ulitaka mingine. Ile nyota ya kipimo haina lolote. Haina vumbi, haina dunia inayoumbika, hakuna mtu duniani aliyewahi kukesha kwa kuipenda.

"Waambie kipimo," alisema.

"Ndiyo kile chenye vumbi?"

"Hapana. Hiki ni cha kunionesha kama sikudanganywa."

Akaanza kutaja. Zakia alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, ulimi pembeni, akiinama hadi pua ikakaribia kioo. Jina la nyota lilikuwa herufi mbili na tarakimu sita.

"Hii nyota haina hata jina la kuitwa?"

"Ndilo jina lake."

"Kama namba ya kitambulisho. Masikini, haina mama." Akabonyeza. "Nimetuma. Sasa?"

"Tungoje."

Wakangoja, wanawake watano wamezunguka kompyuta. Michi ilikuwa imeanza tena na ardhi ikitikisika kidogo kila mchi unapoanguka. Jibu likaja: tumeipata, tunapima. Baadaye kidogo likaja lingine, kwamba kumekucha, wamefunga darubini, kipimo kimepatikana nusu ya muda uliotakiwa. Pole kwa msiba, dada wa zamu akaandika mwishoni. Tekla alikuwa amemwambia tangu alfajiri.

"Anasemaje?" Zakia akauliza.

"Tumepata nusu. Na anatoa pole."

"Ana adabu. Nusu inatosha?"

"Sijui. Itabidi nikae na ile mistari. Huenda inatosha, huenda nikafika mwisho wa mwaka nikaona haifai."

"Mwaka mzima ndiyo ujue?"

"Mwaka mzima."

Zakia alimtazama kwa muda bila utani wowote. "Kazi yenu inachosha," alisema. Akafunga kompyuta, akaiweka kando, akanyanyuka na kurudi kwenye kinu chake.

Alasiri kaburi lilikuwa tayari. Watani walibeba jeneza, wakalizungusha uani mara mbili kwa kudai kwamba marehemu hataki kuondoka na deni la tumbaku, ndugu wakatoa tumbaku, wakacheka, wakalia. Tekla alitembea nyuma pamoja na mama yake, ameushika mkono wake, na kwa kweli hakuna aliyejua ni nani anamtegemeza mwenzake. Njia ya makaburini ilikuwa ya mchanga, miguu inazama.

"Umeipata nyota yako?" Bi Benadetha akauliza, macho mbele.

"Nusu, Mama."

"Erasmo angetaka kujua."

"Ndiyo."

Mbele yao Damiani aliwasimamisha wabebaji, akawabadilisha mabega, na msafara ukaanza tena kwenda.